Maji ya Chini ya Hoteli

Kabla hoteli haijajengwa, wanawake wa Sekei, pale Arusha, walioga kwenye mto Themi bila kumwomba mtu ruhusa. Mto unaposhuka kutoka Mlima Meru hupita katikati ya mawe makubwa, na chini ya mawe hayo maji yalikuwa yamejichimbia shimo pana lenye mchanga, kina chake kikiishia kiunoni. Hapo walifua, walioga, waliwasugua watoto na kuwasema waume zao. Wanaume walikuwa na mahali pao mbele zaidi, na ng'ombe walinywa chini kabisa. Kila mtu aliujua mpaka wake.

Kisha akaja Mjerumani ambaye watu walimwita Bwana Mluzi, kwa kuwa hakuweza kutembea bila kupiga mluzi. Alipewa ardhi juu ya mawe yale, ambapo watu walikuwa wakilima maharage, akajenga hoteli ya wawindaji na wasafiri. Ilikuwa nyumba ndefu yenye baraza mbele na paa la mabati. Juu ya hoteli aliuzuia mto kwa ukuta wa mawe, akapata bwawa safi la kuogea wageni wake. Chini ya hoteli, upande wa wanawake, akachimba shimo la choo.

Wageni walijisaidia kwenye ndoo, na kila asubuhi watumishi walizibeba ndoo hizo na kuzimwaga shimoni. Shimo lilikuwa karibu na ukingo kwa sababu Bwana Mluzi hakutaka watumishi wapoteze muda kwenda mbali. Kiangazi lilinuka tu. Masika yalipoingia, likajaa maji ya mvua, na siku moja likafurika.

Wa kwanza kuona alikuwa Arafa. Huyu alikuwa mwanamke wa Pangani, mke wa askari wa serikali aliyeitwa Shomari, na alifua mashuka ya hoteli. Alikuwa amekaa Arusha muda wa kutosha kujua Kimaasai wanachosema Waarusha mtoni, yaani salamu, matusi na habari za watoto. Rafiki yake mkubwa pale alikuwa Nanyori, mke wa Lesikar, ambaye shamba lake la migomba lilipakana na mto.

Siku hiyo Arafa alitandaza shuka majini, na alipolivuta likaja na kinyesi. Alidhani ni tope. Akalinusa, akalitupa. Akatazama juu, akaona mchirizi mweusi ukishuka kwenye majani kutoka shimoni, ukiingia mtoni taratibu kama maziwa yanayomwagika kwenye kibuyu kilichopasuka. Hatua chache pembeni yake Nanyori alikuwa amemsimamisha binti yake Sinyati majini, akimwosha uso. Mtoto alikuwa akicheka na kuyabwia yale maji kwa viganja.

"Mama Sinyati!" Arafa alipiga kelele. "Mtoe mtoto! Mtoe sasa hivi!"

Nanyori alimnyakua mtoto hata kabla hajaelewa. Alipoelewa alisimama ukingoni, maji yakimtiririka miguuni, akatazama kule juu kwenye baraza, ambako wageni walikuwa wakinywa kahawa.

"Wanatunyea," alisema.

"Labda hawajui," Arafa akasema. "Ngoja nipeleke mashuka, nitamwambia Bwana mwenyewe."

Alikwenda palepale, nguo zake zikiwa bado zimelowa. Bwana Mluzi alikuwa uani akimwelekeza fundi wa viti. Alijua Kiswahili, Kiswahili cha kuamrisha. Arafa alimwamkia kwa adabu, akamweleza kwamba shimo limejaa na uchafu unaingia mahali wanapooga wanawake na watoto, na wengine huchota hapo maji ya kunywa.

Bwana Mluzi alimsikiliza huku akitazama viti. "Mashuka yangu unafulia hapo?"

"Ndiyo, Bwana. Tangu zamani."

"Kuanzia leo utafulia juu, chini ya bwawa la wageni. Wewe peke yako. Mashuka yasinuke."

"Na wale wengine, Bwana?"

"Wale wengine wanaishi na ng'ombe," alisema. "Uchafu wameuzoea. Mto ukitoka kwangu si wangu tena."

Akaanza kupiga mluzi.   Aliyeongea na Arafa baadaye ni Abasi, mpishi wa hoteli, mtu wa Tanga, ambaye alimvuta jikoni na kumnong'oneza: "Dada yangu, nyamaza. Umepewa maji safi. Shukuru, ufue."

Arafa hakushukuru. Lakini alifua huko juu siku iliyofuata, kwa sababu kazi ilikuwa kazi, na kila alipoinua macho aliwaona wanawake wakishuka na vibuyu kupita mawe, wakienda kutafuta maji mahali pengine mbali, jua likiwachoma.

Sinyati alianza kuhara usiku wa siku ile ya mtoni. Kwanza maji, kisha damu. Si yeye peke yake. Katika maboma ya jirani watoto wengine walishikwa, na mzee mmoja aliyekuwa na mazoea ya kunawa pale kila alfajiri. Nanyori alimpa mtoto dawa ya magome, akamnywesha mchuzi, akamlaza mapajani, akamwita jina. Mtoto aliyekuwa hawezi kukaa kitako kwa wazimu wa kucheza alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Lesikar alichinja mbuzi, mafuta yake yaponye tumbo la mtoto. Hayakuponya kitu. Alikufa asubuhi moja yenye ukungu, mkono wake ukiwa umeshika shanga za shingoni mwa mama yake, na ikabidi Nanyori avibandue vidole kimoja kimoja.

Walimzika nyuma ya migomba. Arafa alikuja, akakaa chini na wanawake wengine, na alipomkumbatia Nanyori alihisi mwili wake mgumu kama gogo. Hakuwa akilia.

"Unafua wapi sasa, mama Mwanamkuu?" Nanyori alimwuliza, akimwita kwa jina la binti yake.

Arafa alishindwa kudanganya. "Juu. Amenipeleka juu."

"Maji ni mazuri?"

"Mazuri."

Nanyori akatikisa kichwa, akageuka. Arafa alisema baadaye kwamba angepigwa kofi lingemwuma kidogo kuliko kile kichwa kilivyotikiswa.

Jioni Lesikar alitoa mkuki wake chini ya dari. Nanyori alisimama mlangoni.

"Weka."

"Amemuua mwanangu."

"Ni wangu pia. Ukienda na mkuki watakunyonga, watachoma migomba, watachukua ng'ombe, na shimo litaendelea kumwagika. Weka. Hili si lenu. Hili ni letu."

Lesikar alielewa alichomaanisha, akauweka mkuki. Wanawake wa Waarusha wana haki moja ambayo hakuna mwanaume anayeipinga. Mtu akitenda ubaya dhidi ya uzazi wao au watoto wao, huungana na kumwendea kwa pamoja, na siku hiyo mwanaume yeyote, awe mume au baba au kiongozi wa rika, huwapisha njia. Huo ulikuwa utaratibu wa watu kwa watu. Hakuna aliyewahi kuwaendea Wajerumani hivyo.

Nanyori alimwendea kwanza Nalepo, bibi aliyekuwa amewazalisha wengi wa wanawake wa pale. Nalepo alikuwa mkali, mfupi, mwenye jicho moja bovu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nilikuwa nangoja uje," alisema Nalepo. "Nilimpokea Sinyati kwa mikono hii. Nilimkata kitovu. Sikumpokea ili anyweshwe mavi ya wageni." Akaomba fimbo yake.

Walichagua Jumapili, kwa kuwa Jumapili hoteli ilijaa. Wazungu kutoka mashambani walikuja na wake zao kula chakula cha mchana na kuoga bwawani. Wanawake walianza kukusanyika tangu asubuhi, kutoka Sekei na hata ng'ambo ya mto, wengine wakiwa wamebeba watoto wagonjwa mgongoni. Kila mmoja alikuja na kibuyu kikuukuu, au mtungi uliopasuka mdomo, au ndoo.

Arafa alikuwa hotelini tayari, akianika. Aliwaona wakipanda kutoka kwenye mawe, safu ndefu, bila wimbo. Hilo ndilo lililomtisha. Wanawake wale huimba hata wakipalilia. Alimwona Nanyori mbele, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Safu haikuelekea barazani. Ilielekea shimoni.

Walichota. Mmoja alichovya kibuyu, akampisha mwenzake, yule naye akachovya. Harufu ilipanda mpaka uani. Abasi alitoka jikoni na kisu cha kumenyea viazi mkononi, akaona, akarudi ndani akafunga mlango.

Nanyori alipita karibu na kamba ya nguo. Hakumwambia Arafa neno. Arafa aliangalia mashuka meupe aliyoyasugua kwa maji safi, akaangalia mikono yake. Kisha akateremsha karai lake la kufulia, akamwaga maji ya sabuni, akaenda shimoni, akachota mpaka karai likajaa, akalibeba kichwani.

Safu ikapanda hadi bwawani, ambako wageni wengine walikuwa majini, wengine wamekaa ukingoni chini ya miavuli. Mwanamke mmoja wa Kizungu alikuwa akimfundisha mwanawe kuelea, amemshika chini ya tumbo. Nalepo alimnyooshea fimbo na kumwashiria atoke. Mzungu yule hakuelewa lugha, ila alielewa fimbo na harufu, akambeba mtoto wake akakimbia. Nanyori alingoja mpaka mtoto akafika mbali. Halafu akamimina kibuyu chake katikati ya bwawa.

Wakamimina wote. Maji yaliyokuwa yakionyesha mawe ya chini yakageuka rangi. Waliokuwa wakiogelea walitoka wakitema mate, wakiteleza, wakipigana vikumbo. Waliobaki na vibuyu walikwenda barazani wakamwaga kwenye ngazi, kwenye vitambaa vya meza, kwenye viatu vilivyovuliwa. Hawakumgusa mtu. Wanawake wakapata sauti sasa. Walipiga yowe moja refu, la kutoka tumboni, ambalo waliokuwa sokoni walilisikia.

Bwana Mluzi alitoka akiwa na kiboko. Alimcharaza wa kwanza aliyemkuta, na wa pili. Nanyori akajiweka mbele yake.

"Nipige mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Piga. Mtoto yangu kafa. Maji yako ndiyo kaua. Sasa kunywa na wewe."

Kiboko kilimpasua shavu. Hakurudi nyuma. Mzungu alimpiga tena, na alipoinua mkono mara nyingine Nalepo aliudaka mjeledi kwa fimbo, wanawake wakamzunguka, wakambana ukutani kwa vifua vyao vichafu mpaka akawa hawezi kuinua mkono. Wakamshikilia hivyo, wakimtazama usoni kwa karibu, mpaka askari walipofika mbio.

Miongoni mwa askari hao alikuwa Shomari. Sajenti wake aliamuru viongozi wafungwe kamba. Wakamfunga Nanyori, wakamfunga Nalepo. Kisha sajenti akaliona karai na yule mwanamke wa kanga aliyesimama karibu nalo, mikono ikimnuka uvundo.

"Na huyu. Shomari, mfunge huyu."

Shomari aligeuka, akamwona mke wake. "Arafa," alisema kwa sauti ya chini, "sema ulikuwa unafua. Sema hukuwemo."

"Nilikuwemo."

"Una mtoto nyumbani!"

"Na yeye alikuwa na mtoto nyumbani," Arafa akamjibu, akimwonyesha Nanyori kwa kidevu. "Fanya kazi yako, baba Mwanamkuu."

Sajenti alikuwa akitazama. Shomari alifunga. Alifunga kamba legelege, akiwa ameinamisha uso, na Arafa akazikaza ngumi zake ili kamba imbane. Hakutaka upole wake. Wakaongozwa hadi ofisi ya serikali, wanawake wengine wakifuata nyuma wote, wakakaa nje ya lango siku ile na siku zilizofuata, wakinyonyesha, wakisubiri.

Kesi ilisikilizwa na ofisa ambaye watu walimwita Bwana Shauri, kwenye meza iliyowekwa kivulini. Bwana Mluzi alisema kwa muda mrefu, kwa Kijerumani, akihesabu hasara zake kwa vidole. Aliomba wachapwe na wafukuzwe kando ya mto kabisa, wote, na migomba yao.

Nanyori alipopewa nafasi alisema kwa Kimaasai. Mkalimani alikuwa kijana wa misheni aitwaye Koikai. Nanyori alieleza habari ya shimo, ya mvua, ya maji, na ya Sinyati alivyokuwa akibwia maji na kucheka. Koikai alitafsiri vizuri.

Bwana Shauri alikuwa akiandika. Hakuinua macho. Ndipo mlowezi mmoja wa kahawa, aliyekuwa na shamba upande wa chini wa mto, akasimama nyuma. Alizungumza kwa hasira akimnyooshea kidole Bwana Mluzi. Koikai alimfafanulia Nanyori kwa kunong'ona: Mzungu huyu hunywa maji ya mto uleule. Mke wake amelala wiki nzima kwa kuhara. Hakujua sababu, sasa amejua.

Hapo Bwana Shauri aliinua macho. Aliweka kalamu chini. Alimuuliza Bwana Mluzi swali, akamuuliza la pili, na la tatu alilisema akipiga meza. Bwana Mluzi aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Hata asiyejua neno moja la Kijerumani aliona kwamba mambo yamegeuka.

Hukumu ikatolewa kwa Kiswahili. Shimo lile lifukiwe mara moja. Shimo jipya lichimbwe ng'ambo ya barabara, mbali na mto, na lisimamiwe. Na wanawake watatu, kwa kuvamia mali ya mtu na kuchafua bwawa, watavunja mawe ya barabara ya Moshi mpaka msimu wa mavuno.

Watu walianza kunong'ona. Wengine walitabasamu. Koikai alimgeukia Nanyori kwa furaha. "Mama, umeshinda! Shimo linafukiwa."

Nanyori hakutabasamu. Alisogea mbele ya meza, kamba ikimvuta Nalepo nyuma yake, akasema maneno machache. Koikai hakuyatafsiri.

"Anasemaje?" Bwana Shauri akauliza.

"Anashukuru, Bwana."

"Mwongo!" Arafa alisema kwa nguvu. "Hakusema hivyo. Mimi nitakuambia alivyosema." Shomari, aliyekuwa amesimama zamu langoni, alifumba macho. "Anauliza hivi: tulipokuambia kwamba watoto wetu wanaugua na mwanangu amekufa, ulikuwa ukiandika. Mke wa Mzungu ameumwa tumbo, ukaweka kalamu. Je, kama Mzungu yule asingekunywa maji yale, ungetufanyia nini? Anataka ujibu."

 Bwana Shauri alimtazama Arafa, akamtazama Nanyori na jeraha lake la shavu lililokuwa bado halijafunga.  Kisha akachukua kalamu.

"Wapelekwe," alisema.

Shimo lilifukiwa kweli. Mvua kubwa ikaja ikausafisha mto, mchanga mpya ukashuka, na baada ya muda wanawake wakarudi kwenye mawe na watoto wao. Arafa aliachishwa kazi ya hoteli. Alipomaliza kifungo alirudi kwa Shomari kwa ajili ya Mwanamkuu, akampikia, akamwekea maji ya kuoga, lakini ilipita miaka kabla hajakaa naye mkeka mmoja akacheka naye kama zamani. Shomari hakumlaumu. Mara moja tu alimwambia, "Ningeitupa ile kamba, wangenipiga risasi." Arafa akajibu, "Najua." Na ni kweli alijua, na ilikuwa haisaidii.

Lakini kabla ya hayo yote, zilikuwapo siku za mawe. Walikaa watatu kandokando ya barabara ya Moshi, vumbi likiwaingia machoni, wakiyagonga mawe kwa nyundo fupi. Nalepo aligonga kidogo akapumzika sana, na mnyapara alimwacha, kwa kuwa na yeye alipozaliwa alipokelewa na bibi huyo. Nanyori aligonga bila kupumzika. Kila jiwe alilipiga kama lina jina.

Mchana mmoja Bwana Mluzi akatokea, amepanda nyumbu, akirudi kutoka kununua simenti. Hakuwa akipiga mluzi. Mawe na wafungwa vilikuwa vimebana njia, na mnyapara akapaaza sauti, "Pisheni! Pisheni Bwana apite!"

Wafungwa wengine walijivuta pembeni. Arafa alianza kunyanyuka, kisha akamwona Nanyori hajatikisika. Alikuwa amekaa katikati ya njia, miguu ameinyoosha, jiwe katikati ya mapaja, nyundo mkononi. Arafa akakaa tena kando yake. Nalepo naye akakaa upande wa pili.

"Wewe! Huna masikio?" mnyapara alifoka, ila hakusogea.

Nyumbu alisimama mbele yao akipumua kwa nguvu. Bwana Mluzi alimtazama Nanyori kutoka juu, mkono ukiwa kwenye kiboko kilichoning'inia tandikoni. Nanyori aliinua uso, shavu lenye kovu likielekea kwake, akamtazama bila kupepesa.  Alichokuwa nacho cha kusema alikuwa ameshakimwaga bwawani, na kilichobaki hakikuwa na maneno.

Mkono wa Mzungu ulitoka kwenye kiboko. Alivuta hatamu upande, akamshusha nyumbu kwenye mtaro wa matope kando ya barabara, akapita humo huku kwato zikizama na magunia ya simenti yakiyumba, mpaka akapanda barabarani tena mbele kabisa.

Nanyori alimsindikiza kwa macho mpaka akatoweka kwenye kona. Kisha akainua nyundo, akaipiga kwenye jiwe, na jiwe likapasuka.